Barua ya wazi kwa wanaosimamia mitaala ya historia: waokota masuke wa Uingereza waingizwe kwenye somo

Kwa wanaosimamia mitaala na vitabu vya historia vya sekondari, Kenya na Tanzania.

Waheshimiwa,

Mwanafunzi wetu anayepita kwenye mada ya Mapinduzi ya Kilimo ya Uingereza hutoka na majina yale yale: Jethro Tull na mashine yake ya kupandia mbegu, Charles Townshend na mzunguko wa mazao wa Norfolk, Robert Bakewell na mifugo yake. Hufuata habari ya mashamba ya wazi kuzungushiwa ua, kisha sentensi moja ya kufungia mada: maskini walipoteza ardhi, wakahamia mijini. Tunawaandikia kwa ajili ya watu ambao sentensi hiyo inawaruka. Familia nyingi sana za vibarua hazikuhama. Zilibaki kijijini, na kila mavuno wanawake na watoto wa familia hizo waliingia kwenye mashamba ya watu wengine kuokota masuke ya ngano yaliyobaki. Wao waliiita haki yao. Wenye mashamba wengi walisema ni hisani, na hisani mtu huitoa akipenda. Ugomvi huo ulifika mahakama za juu kabla ya karne ya 19 kuanza, ukaendelea vijijini karibu karne nzima iliyofuata.

Tunaomba jambo hili liingizwe kwenye mtaala, na liingizwe kwa usahihi, kwa sababu pale linapotajwa kwa kupita hutajwa kimakosa: kwamba majaji walikataza kuokota na kuokota kukakoma. Sivyo ilivyokuwa.

Tuanze shambani, maana ugomvi wote ulizaliwa na namna ngano ilivyovunwa. Katika kaunti za mashariki na za kati, kama Suffolk, Essex, Cambridgeshire na Northamptonshire, ngano ilikatwa mwezi Agosti na kuingia Septemba. Mvunaji alishika konzi ya mabua kwa mkono mmoja na kukata kwa mundu. Mabua yalifungwa miganda kwa kamba iliyosokotwa kwa mabua yenyewe, na miganda kama 10 au 12 ikasimamishwa pamoja, ikiegemeana, ili ikauke. Baada ya wiki moja au mbili, kutegemea mvua, mikokoteni ilipita kuibeba. Katika kila hatua masuke yalidondoka: mkono ulipokosa bua, mganda ulipofungwa, mganda uliporushwa juu ya mkokoteni. Ngano iliyoiva kupita kiasi hukatika shingo kwa kuguswa tu. Hayo ndiyo masazo, kama yale ambayo katika Biblia Ruthu aliokota kwenye shamba la Boazi. Vibarua wa Uingereza walikisikia kisa hicho kanisani, na waliitegemea sheria ya Musa, inayoagiza masazo waachiwe maskini, walipoambiwa watoke shambani.

Kuokota hakukuwa fujo ya kila mtu na bahati yake. Tangu enzi za kati, sheria ndogo za vijiji zilisema nani aokote na lini. Mtu mwenye nguvu za kuvuna kwa ujira alikatazwa kuokota. Nafasi hiyo ilikuwa ya wazee, wadogo na wasiojiweza. Kufikia karne ya 19 waokotaji walikuwa hasa wanawake wa vibarua, watoto wao na wajane, kwa kuwa wanaume wakati huo walikuwa kwenye kazi ya kuvuna yenyewe. Vijiji vingi vilikuwa na kengele ya waokotaji, iliyopigwa kanisani asubuhi, aghalabu saa mbili, na jioni mnamo saa kumi na mbili au saa moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kabla ya kengele ya asubuhi wala kubaki baada ya ile ya jioni. Sababu ilikuwa usawa: mama mwenye mtoto wa kunyonyesha na kikongwe asiyeweza kuwahi wasikute shamba limeshafagiliwa na wenye miguu mepesi. Mpiga kengele alilipwa peni kadhaa na familia zenyewe. Baadhi ya vijiji vilimchagua mwanamke mmoja kuwa malkia wa waokotaji, naye ndiye aliyeongoza kundi na kuamua shamba lipi lianze.

Kulikuwa pia na mganda wa mlinzi. Mwenye shamba aliacha mganda mmoja, au fungu moja la miganda, umesimama katikati ya shamba lililokwisha kubebwa. Maadamu upo, hakuna kuingia. Ukiondolewa, lango limefunguliwa. Mwanafunzi akikielewa kitu hiki kimoja ameelewa nusu ya ugomvi, kwa sababu aliyeamua siku ya kuuondoa ndiye aliyeamua kama waokotaji wangekuta masuke au mabua matupu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Mwokotaji aliinama, akaokota suke pamoja na bua lake kwa mkono mmoja na kulihamishia kwenye mkono wa pili, mpaka konzi ikajaa. Konzi hiyo ilifungwa kwa bua chini kidogo ya masuke na kuwekwa chini, na fungu jingine likaanza. Masuke yaliyokatika bila bua yalitiwa kwenye mfuko uliofungwa kiunoni, na kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya watoto wadogo, walio karibu zaidi na ardhi. Visiki vya mabua vilivyokatwa kwa mundu vina ncha kali, kwa hiyo miguu na mikono ilifungwa vitambaa au soksi kuukuu. Jioni mafungu yalikusanywa ndani ya shuka moja na kubebwa kichwani hadi nyumbani. Huko yalianikwa, kwa kuwa masuke yenye umande yakirundikwa huingia ukungu na ladha ya unga huharibika. Baadaye yalipurwa kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa ukanda wa ngozi, ama kwenye sakafu ya nyumba ama kwenye ghala la mkulima aliyekubali kuwaazima. Ngano ilipepetwa kwenye upepo, kisha ikapelekwa kwa msagishaji, ambaye aghalabu alikata ujira wake kwenye unga wenyewe.

Ilipatikana kiasi gani? Hapa vitabu huwa na tabia ya kusema "kidogo" na kusonga mbele, na hilo ndilo kosa tunalolilalamikia kuliko yote. Haba na haba hujaza kibaba. Familia yenye mama na watoto wawili watatu wa kufanya kazi iliweza kupata busheli kadhaa kwa msimu. Busheli moja ya ngano ina uzito wa karibu ratili 60, yaani kilo 27. Kwa hesabu ya darasani chukueni busheli 6: ni kilo zipatazo 163, karibu magunia mawili ya kilo 90. Familia ya watu watano au sita iliyoishi kwa mkate ilimaliza karibu busheli moja kwa wiki. Kwa hiyo busheli 6 zilikuwa mkate wa wiki sita hivi, na uliliwa miezi ya baridi, wakati kazi za shamba zilipokuwa adimu na ujira umekatika.

Ripoti ya Frederick Eden ya 1797 kuhusu hali ya maskini inasema kwamba huko Roade, Northamptonshire, familia kadhaa ziliokota ngano ya kuwatosha mkate wa mwaka mzima, na maharage ya kumlisha nguruwe mmoja. Tunashauri mfano huo utajwe kama kilele cha kuokota, usifanywe hali ya kawaida. Makadirio yanayofaa zaidi kufundishwa ni kwamba, katika maeneo ya ngano, masazo yalikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya mapato ya mwaka ya familia ya kibarua, na kwa mjane sehemu hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Mapato hayo yaliletwa na mwanamke na watoto ndani ya wiki chache. Ukiyaacha nje ya somo, mwanamke wa kijiji cha Kiingereza anabaki mtu wa pembeni katika uchumi alioulisha.

Thamani yake kwa fedha ilipanda na kushuka pamoja na bei ya ngano, na kuna hesabu nzuri ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe. Bei zilitajwa kwa kota, na kota moja ni busheli 8. Mwaka 1812, wakati wa vita na Napoleon, wastani wa bei ulifika shilingi 126 na peni 6 kwa kota (shilingi moja ilikuwa peni 12), kwa hiyo busheli 6 zilikuwa na thamani ya karibu shilingi 95. Kwa kibarua wa shilingi 12 kwa wiki, huo ni ujira wa karibu wiki nane. Mwaka 1850 kota ilikuwa karibu shilingi 40, busheli 6 ni shilingi 30. James Caird, aliyezunguka kaunti za Uingereza mwaka 1850 na 1851, alikuta wastani wa ujira wa kaunti za kusini ni shilingi 8 na peni 5 kwa wiki; basi masazo yale yale yalikuwa ujira wa wiki tatu na nusu. Mwaka 1894 kota ilianguka hadi shilingi 22 na peni 10, na busheli 6 zikawa shilingi 17 tu. Kilo ni zile zile na mgongo ni ule ule uliokuwa ukiinama. Tukifika kwenye kufifia kwa desturi hii, hesabu hiyo itakuwa imekwisha kueleza sehemu kubwa ya jibu.

Sasa ugomvi. Ulikuwa wa aina nyingi, na haufai kuunganishwa wote kuwa "maskini dhidi ya matajiri".

Wa kwanza na mkubwa ulikuwa wa wakati. Mkulima aliweza kuwaingiza kondoo, nguruwe au bata bukini kwenye mabua mara tu mkokoteni wa mwisho ulipotoka, nao wakala masuke ambayo familia ilikuwa ikiyangoja. Sheria ndogo za kale za vijiji zilizuia mifugo isiingie mpaka waokotaji wapewe siku zao, lakini zilitungwa kwa mashamba ya wazi, ambako vipande vya watu wengi vilivunwa kwa pamoja na kufunguliwa kwa pamoja. Hapa ndipo uzungushaji ua unapohusika, na ndipo vitabu vyetu vinapokosa kiungo. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi, zilizogusa ekari zipatazo milioni 6.8, karibu sehemu moja ya tano ya Uingereza. Huwa tunafundisha kwamba maskini walipoteza malisho ya pamoja na kuni. Ni kweli. Lakini walipoteza pia siku ya pamoja ya kufungua shamba. Baada ya ua, kila mkulima alikuwa na lango lake, mganda wake wa mlinzi na kalenda yake. Kengele ya kanisa iliweza kuweka saa. Haikuweza kumlazimisha mkulima aondoe mganda.

Wa pili ulikuwa wa reki. Mkulima aliyepitisha reki pana ya kuvutwa na farasi baada ya kubeba miganda alijikusanyia mwenyewe sehemu kubwa ya masazo. Waokotaji waliona huo ni wizi wa mkate wao. Mkulima alisema hawezi kuiba kilicho chake. Shayiri ilileta mabishano zaidi kuliko ngano, kwa kuwa mara nyingi ilikatwa kwa fyekeo la mpini mrefu na kukusanywa bila kufungwa miganda, na reki ikawa sehemu ya uvunaji wenyewe. Je, kilichoachwa na fyekeo ni masazo au ni zao lisilokwisha kuvunwa? Kila upande ulikuwa na hoja.

Kisha kulikuwa na suala la nani. Wakulima wengi walitaka shamba lifunguliwe kwa familia za vibarua wao peke yao, na kwa njia hiyo masuke yakawa hatamu ya kumwongozea mume: akiondoka katikati ya mavuno kufuata ujira mzuri zaidi, mkewe haingii shambani. Waokotaji walidai haki ni ya maskini wote wa parokia, yaani eneo la kanisa lililowatunza maskini wake kwa kodi, bila kujali nani anamfanyia nani kazi. Lakini wao wenyewe waliwafukuza kwa nguvu watu wa parokia jirani. Hilo lisifichwe wanafunzi. Haki iliyokuwa na mpaka ndiyo waliyoitetea, na mpaka huo waliulinda.

Na kulikuwa na miganda. Katika baadhi ya maeneo ilikuwa desturi kuokota kati ya miganda iliyosimama, kabla haijabebwa. Mwokotaji aliyechomoa konzi kwenye mganda alikuwa ametoka kwenye kuokota na kuingia kwenye wizi, na mashtaka ya jinai yalijikita hapo. Baadhi yalikuwa ya haki. Mengine yalitegemea neno la mkulima peke yake dhidi ya mama aliyekutwa na fungu lililo nene kuliko alivyotarajia.

Kesi kubwa ilitoka Timworth, Suffolk. Mkulima James Steel aliwashtaki Houghton na mkewe Mary kwa kuingia kwenye ardhi yake bila idhini. Aliyeokota alikuwa Mary, lakini kwa sheria ya wakati huo mke hakuweza kushtakiwa kwa madai bila mumewe kuunganishwa naye, na ndiyo maana kesi inabeba jina la mume. Waokotaji walikuwa wameshindwa kwenye kesi nyingine ya Suffolk mwaka 1786, na hii ya pili ilijengwa kwa uangalifu zaidi: mtetezi hakudai haki kwa kila maskini popote alipo, alidai haki ya maskini waliotambuliwa kisheria kuwa wakazi wa parokia hiyo. Mahakama ya Common Pleas, moja ya mahakama za juu za London, ilitoa hukumu mwaka 1788. Majaji watatu walimkubalia mkulima, mmoja alipinga.

Hoja zao ndizo hazina ya somo hili. Lord Loughborough, jaji mkuu wa mahakama hiyo, alisema haki kama hiyo haiendani na umiliki kamili wa mali, na kwamba sheria ya Musa iliwafunga Wayahudi, haiwafungi Waingereza. Jaji Wilson alisema haki haiwezi kusimama kisheria ikiwa wanaoidai na kitu kinachodaiwa havijulikani kwa uhakika: maskini ni nani hasa, na masazo ni kiasi gani? Jaji Heath alikubaliana na Loughborough, ambaye alisema pia kwamba haki hiyo ingewadhuru maskini wenyewe, kwa kuwa ingepunguza faida ya mkulima ambayo ndiyo hulipa kodi ya kuwatunza. Jaji Gould alikataa yote hayo. Alitegemea desturi iliyoenea nchini na maandishi ya wanasheria wakubwa, Matthew Hale na William Blackstone. Blackstone, kwenye juzuu la tatu la maelezo yake ya sheria za Uingereza, alikuwa ameandika kwamba kwa sheria na desturi ya nchi maskini wanaruhusiwa kuingia na kuokota kwenye ardhi ya mtu baada ya mavuno bila kuhesabiwa wavamizi. Aliyeiripoti kesi iliyoyaweka kando maneno hayo ni mpwa wake, Henry Blackstone, na ripoti hiyo inasomeka hadi leo. Wanafunzi wa kidato cha juu wanaweza kuisoma wenyewe kwa msaada wa mwalimu.

Basi hukumu ilisema nini, na nini haikusema? Ilisema hakuna haki ya jumla ya kuokota kwa sheria ya kawaida ya Uingereza, ile inayojengwa na hukumu za majaji. Haikusema kuokota ni jinai. Haikumzuia mkulima kuruhusu. Ilimpa tu mlango wa kudai fidia, na mlango huo ulikuwa ghali kuupita. Kesi ya madai kwenye mahakama za London iligharimu pesa nyingi mno ukilinganisha na thamani ya masuke, na mshtakiwa aliyeshindwa hakuwa na mali ya kukamata. Kushtaki kwa wizi kulihitaji ushahidi kwamba kilichochukuliwa kilitoka kwenye mganda. Wakulima walichapisha matangazo kwenye magazeti ya kaunti wakionya waokotaji, na matangazo hayo yakarudiwa, mavuno baada ya mavuno. Onyo linalorudiwa namna hiyo ni ushahidi kwamba halikusikilizwa.

Wanawake nao hawakukaa kimya. Mkulima aliyejaribu kuwatoa peke yake alijikuta amezungukwa na makumi yao, wakimzomea, mara nyingine wakimsukuma na kumtupia mawe au madonge ya udongo. Walikuja pamoja na watoto, na ilikuwa vigumu kumtenga mmoja wa kumshtaki. Mkulima alijua pia kwamba majirani hao ndio angewahitaji kupalilia na kuvuna mwakani, na kwamba mabunda yake ya nyasi na ngano yalikuwa nje usiku yakingoja kiberiti. Ghasia za Swing, zilizoanza Kent mwaka 1830 kwa kuvunja mashine za kupuria, hazikuwa za masuke, na tunaomba zisichanganywe na habari hii. Lakini moto ulioandamana nazo ulimkumbusha kila mwenye ghala gharama ya kuchukiwa kijijini.

Kuna sababu moja zaidi ya hukumu kutotekelezwa, nayo inaipindua hoja ya Loughborough kuhusu kodi. Familia yenye unga wa wiki sita ndani haikwenda mapema kwa msimamizi wa maskini kuomba msaada, na msaada huo ulitoka kwenye kodi iliyolipwa na wakulima wale wale. Kumfukuza mwokotaji ilikuwa sawa na kujiongezea kodi. Wakulima wengi walilielewa hilo bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo walichokitaka hasa ni kuwa na funguo za lango, waamue nani na lini. Wachache walitaka kuokota kukome kabisa. Tunaona hiki ndicho kiini cha karne nzima ya ugomvi.

Kilichokomesha kuokota kilikuja polepole. Mundu uliachia nafasi fyekeo, na reki ikafuata nyuma yake. Mashine ya kuvuna ya McCormick ilioneshwa London kwenye Maonesho Makuu ya 1851, na katika miongo iliyofuata mashine za kukata zikaenea, kisha zile za kukata na kufunga miganda kwa pamoja, ambazo zilidondosha masuke machache. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ilimiminika, bei zikaanguka, na mashamba mengi ya ngano yakageuzwa malisho. Viwanda vikubwa vya kusaga kwa roli za chuma vilivifuta vinu vidogo vilivyokuwa tayari kumsagia mtu busheli mbili tatu, na mkate wa dukani ukawa rahisi kuliko taabu ya kupura nyumbani. Mwaka 1880 kuhudhuria shule kukawa lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, ingawa shule nyingi za vijijini ziliendelea kupanga likizo kwa kufuata mavuno, kwa kuwa madarasa yangekuwa matupu hata hivyo.

Mtauliza kwa nini mwanafunzi wa Machakos au Morogoro ajue haya. Sheria ya kawaida ya Uingereza ililetwa kwetu na ukoloni, kwa tarehe zilizoandikwa ndani ya sheria zetu hadi leo: 12 Agosti 1897 kwa Kenya, 22 Julai 1920 kwa Tanganyika. Dhana ya umiliki unaomfungia nje kila mtu mwingine, ambayo Loughborough aliisimamia, ilikuja ndani ya shehena hiyo kana kwamba Waingereza wote walikuwa wakiikubali tangu zamani. Mwanafunzi anastahili kujua kwamba huko huko ilibishaniwa, kwamba jaji mmoja kati ya wanne aliikataa, na kwamba wanawake wa vijijini waliendelea kuingia shambani kwa miongo mingi baada ya hukumu.

Maombi yetu ni haya. Somo la uzungushaji ua liongezewe vipindi viwili: kimoja cha shamba, kengele, mganda wa mlinzi na hesabu ya busheli kama tulivyoionesha, na kingine cha kesi ya 1788, hoja za majaji wote wanne zikisomwa kabla ya matokeo kutajwa. Ramani itenganishe kaunti za ngano za mashariki na kaunti za mifugo za magharibi, ili mwanafunzi asidhani kuokota kulikuwa na uzito ule ule kila mahali. Picha ya mchoraji Millet ya 1857 ya wanawake watatu wanaookota isitumike kwa Uingereza. Ni ya Ufaransa, ambako kuokota kulitambuliwa na amri ya mfalme tangu 1554, na mwanafunzi akiiona kwenye ukurasa huo atachanganya sheria mbili tofauti. Kipimo cha busheli kielezwe kwa kilo, na kota kwa busheli, kwenye ukurasa wenyewe wa somo.

Na kwenye mtihani tunapendekeza swali hili: "Eleza kwa nini hukumu ya 1788 haikukomesha kuokota masuke katika vijiji vya Uingereza." Mwongozo wa kusahihisha utoe alama kwa gharama ya kesi za madai, ugumu wa kuthibitisha wizi, nguvu ya wanawake waliokwenda kwa kundi, uhitaji wa mkulima kwa vibarua, na uzito wa kodi ya maskini. Anayeandika kwamba hukumu ilifanya kuokota kuwa jinai asipewe alama kwa hoja hiyo, na mwongozo umweleze msahihishaji sababu.

Wenu,
Walimu na wasomaji wa historia ya kilimo